Cheti cha BRELA ninacho, kwa nini niambiwe nimeiba jina?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mjasiriamali wa Morogoro, nasaga na kufungasha unga wa lishe. Nilianza 2019 nyumbani kwa mahindi, soya, ulezi na karanga, sasa nina mashine yangu na wasichana wanne wa kunisaidia. Unga wangu unaitwa Lishela. Nilichukua neno "lishe" nikaliunga na mwisho wa jina la binti yangu, Angela. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ninacho na nembo ya ubora ya TBS ninayo. Mwezi uliopita nimeletewa barua ya wakili wa kampuni ya Dar es Salaam inayouza unga unaoitwa Lishera. Wanasema jina langu linafanana na lao, niache kulitumia ndani ya siku 14, niwakabidhi mzigo wote na lebo, niombe radhi gazetini na nilipe fidia ya shilingi milioni 50. Mbona Nanenane moja miaka kadhaa nyuma maafisa mauzo wao walikuwa banda la jirani na langu, wakanunua hata pakiti mbili? Je, cheti changu hakinilindi? Wanaweza kunifunga? Na nina marola matatu ya lebo hayajaguswa, niyafanyeje?

(Majina yote mawili ya unga nimeyabadilisha, ila nimebakiza tofauti ileile ya herufi moja iliyopo kwenye majina ya kweli.)

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na litakalouma. Cheti ulichonacho hakikukingi na barua hii. Nimekiona kwenye picha ulizotuma: ni cheti cha jina la biashara, kilichotolewa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kazi yake ni kuieleza serikali na umma kwamba nyuma ya jina hili yupo fulani, anafanya shughuli hii, anapatikana mahali hapa. Hakimpi mwenye nacho umiliki wa jina kama chapa ya bidhaa. Umiliki huo unatoka kwenye daftari lingine kabisa, la alama za biashara na huduma, linaloendeshwa kwa sheria ya mwaka 1986, Sura ya 326. Madaftari yote mawili yako BRELA na maombi yote mawili hupita kwenye mfumo uleule wa mtandaoni, ORS, ndiyo maana watu wengi hupata cheti cha kwanza wakaamini wamemaliza. Ningekuwa na uwezo ningeyaandika hayo kwa wino mwekundu juu ya cheti chenyewe, maana sipiti mwezi bila kukutana na mfanyabiashara aliyekikumbatia kama hati ya kiwanja.

Nembo ya TBS ndiyo kabisa haihusiki. Tangu 2019, usimamizi wa chakula ulipohamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda TBS, shirika hilo ndilo linaloangalia kama unga wako ni salama na umefikia viwango. Nani mwenye jina lililoandikwa kwenye pakiti si kazi yao.

Ila barua ya wakili nayo si hukumu. Ni madai ya upande mmoja, yameandikwa na mtu aliyelipwa kuyaandika, na kabla hujakosa usingizi kwa ajili ya milioni 50 kuna vitu vya kukagua. Barua waliyokutumia inasema tu "mteja wetu ndiye mmiliki halali wa alama ya Lishera". Haina namba ya usajili, haina tarehe. Wakili aliye na cheti mkononi kwa kawaida huanza na namba ya cheti, kwa hiyo ukimya huo umenitia shaka kidogo. Kwenye picha ya kopo lao naona pia wameweka herufi TM pembeni ya jina. Herufi hizo mtu yeyote anaweza kuziweka. Ni tangazo tu kwamba "hili nalidai kuwa langu". Alama ya R ndani ya duara ndiyo inayosema jina limesajiliwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kujibu chochote, ni kwenda kwenye daftari la alama na kutafuta Lishera. Angalia imesajiliwa kwa jina la nani: la kampuni iliyokuandikia, au la mkurugenzi mmoja aliyekwisha kuondoka? Angalia tarehe ya maombi. Tanzania Bara alama hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, halafu huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na wapo wanaosahau ule mwaka wa saba. Angalia imesajiliwa kwa bidhaa zipi. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45. Unga wa nafaka uko daraja la 30, lakini chakula cha watoto wachanga kiko daraja la 5. Usishangilie mapema ukikuta wao wako la 5 na wewe ungekuwa la 30, kwa sababu madaraja yamewekwa kurahisisha usajili. Mahakama ikiulizwa itaangalia kama bidhaa zenyewe zinakaribiana, na uji wa mtoto ni uji wa mtoto. Mwisho, angalia walichosajili ni neno lenyewe au ni mchoro wenye neno ndani yake, na kama Msajili aliwawekea sharti kwamba hawadai haki ya pekee juu ya "lishe".

Ukikuta maombi yao bado yako kwenye hatua ya kutangazwa katika Jarida la Hataza na Alama za Biashara na Huduma, basi una siku 60 tangu tangazo lilipotoka kuweka pingamizi. Siku hizo zinakwenda mbio, kwa hiyo usisubiri wiki ijayo.

Na ukikuta hakuna kitu kabisa? Hapo mambo yanageuka. Mwenye jina lisilosajiliwa hawezi kushtaki kwa kuingiliwa alama iliyosajiliwa. Inambidi aende njia ya zamani ya kulalamika kwamba unauza unga wako kwa mgongo wa jina lake, na njia hiyo ina mlima. Atatakiwa athibitishe kwamba siku ulipoanza, 2019, tayari Lishera ilikuwa na sifa na wateja huko unakouza wewe. Kwamba namna unavyouza inawafanya wateja wadhani unga wako ni wake. Na kwamba amepata hasara kwa hilo, au ataipata. Hapo pakiti yako ya khaki yenye maandishi ya kijani, isiyofanana hata chembe na kopo lao la plastiki la rangi ya chungwa lenye picha ya mtoto, ingekusaidia sana. Mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika kesi ya maji ya limau ya Jif, ilimzuia mshindani kutumia chupa yenye umbo la limau ingawa lebo yake ilikuwa na jina tofauti kabisa, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wakilijua lile limau la plastiki na kulichukua bila kusoma. Ufungashaji unaweza kumtia mtu hatiani jina likiwa tofauti, na unaweza kumwokoa jina likiwa linakaribiana.

Lakini ukikuta Lishera imesajiliwa kama neno, tena kabla yako, tofauti ya pakiti haitakufaa kitu kikubwa. Kwenye alama iliyosajiliwa mahakama hulinganisha alama na alama: neno lililo kwenye cheti chao na neno unalolitumia wewe. Rangi, picha na namba yako ya simu chini ya pakiti huwekwa kando. Wengi hili huwashangaza, kwa hiyo nalisema mapema.

Sasa tuje kwenye kiini: Lishela na Lishera yanafanana kiasi cha kumkanganya mnunuzi?

Kipimo kinachotajwa mpaka leo kwenye mahakama za nchi zilizorithi sheria za Kiingereza kilitoka kwa Jaji Parker mwaka 1906. Mtu aliomba kusajili jina Neola kwa mitambo ya kupigisha piano, na wenye Pianola wakapinga. Jaji akasema yachukue maneno mawili, yaangalie yanavyoonekana na yanavyosikika, fikiria ni bidhaa gani, fikiria ni mtu wa namna gani anazinunua na ananunua katika mazingira gani. Akaona Neola haitamkanganya mtu. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba anayenunua chombo kama hicho ni mtu mwenye elimu kiasi, na hanunui kwa haraka.

Hayo mazingira ya ununuzi ndiyo yanayokuumiza wewe. Unga wa lishe haununuliwi kama piano. Fikiria duka la Mangi lenye wavu wa chuma, saa kumi na mbili na nusu jioni, foleni ya watu sita. Mtoto wa darasa la pili katumwa na noti imekunjwa kiganjani: "Mama kasema unipe Lishela." Mwenye duka hamwoni vizuri, redio inapiga kelele, na yeye mwenyewe ametoka sehemu ambako l na r hubadilishana kila siku mdomoni. Ananyoosha mkono anachukua kilicho karibu. Hakuna aliyesoma kitu. Bidhaa zetu za kila siku, sabuni, unga, dawa ya mbu, viungo, huombwa kwa mdomo kabla hazijaonekana kwa macho, na kwa hiyo kwetu sikio lina uzito pengine kuliko huko zilikotoka kesi hizi. Wakili wa upande wa pili akiwa na akili atamleta mwenye duka kama huyo kutoa ushahidi. Na hata asipomleta, sheria haimtaki alete mteja aliyekwisha kudanganyika; inatosha ikionekana kwamba mkanganyiko una uwezekano wa kutokea.

Uingereza kwenyewe sikio liliwahi kushinda. Wenye Aristoc, alama ya soksi ndefu za kike, walipinga usajili wa Rysta kwa bidhaa hizohizo. Ukiyaandika hayafanani. Yatamke harakaharaka, uimeze ile "a" ya mwanzo, uone. Shauri lilifika hadi kilele mwaka 1945 na Aristoc wakashinda. Msimamo uliokubaliwa pale ni kwamba mnunuzi hapimwi kama mtu aliyeweka majina mawili mezani akayakagua. Anapimwa kama mtu mwenye kumbukumbu ya juujuu ya lile alilolijua kwanza, tena akizingatiwa anavyolitamka hovyo, na muuzaji anavyolisikia.

Najua utaniambia: "Wakili, 'lishe' ni neno la wote. Hawawezi kulifungia." Ni kweli, na ndiyo hoja yako bora kuliko zote. Neno linaloieleza bidhaa, kama lishe kwenye unga wa lishe, au safi kwenye sabuni, haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja dhidi ya wenzake wote wa biashara hiyo. Ungekuwa unaitwa "Lishe Tamu" ningekuambia lala usingizi. Tatizo ni kwamba ukiliondoa hilo "lishe" kwenye majina yenu, kinachobaki ni "la" na "ra", na hicho kilichobaki ndicho kilichotakiwa kuwatofautisha.

Kuna shauri la India ambalo nalipenda kwa sababu linafanana na lako mno. Tangu 1903 kulikuwa na dawa ya matumbo na kichwa iliyouzwa sana India kwa jina Amritdhara. Mwaka 1950 mtu mmoja wa Uttar Pradesh akaomba kusajili dawa yake ya aina hiyohiyo kwa jina Lakshmandhara. Utetezi wake ulikuwa huo wako: "dhara" ni neno la kawaida tu, maana yake mkondo, na sehemu za mbele za majina hazifanani, moja ikitaja kinywaji cha miungu na nyingine mtu wa kwenye utenzi wa Ramayana. Mahakama ya Juu ya India, mwaka 1962, haikukubali. Ilisema mwanakijiji anayenunua dawa halikati jina vipande akachambua asili ya kila kipande. Analichukua zima, kama alivyolisikia, na kwa uzima wake majina hayo yanakaribiana. Majina yale, ukiyatazama, yameachana mbali kuliko Lishela na Lishera.

Lakini mwenye Lakshmandhara hakutoka mikono mitupu, na hapa ndipo Nanenane yako inapoingia. Ilionekana amekuwa akiuza dawa yake tangu 1923, tena kwa matangazo ya wazi, na wenye Amritdhara walijua wakanyamaza miaka yote hiyo huku mwenzao akijenga biashara. Kwa sababu ya ukimya huo mahakama ilimruhusu asajiliwe, ila kwa Uttar Pradesh peke yake.

Ukimya wa mwenye alama, basi, ni hoja. Je, wa kwako unafika huko? Sidhani, na sitaki nikupe moyo wa bure. Yule alikuwa na miaka zaidi ya ishirini. Wewe una michache. Maafisa mauzo wawili kununua pakiti si sawa na kampuni kujua na kuridhia, mpaka uonyeshe kwamba habari ziliwafikia wenye maamuzi. Una picha ya siku ile? Una ujumbe wowote wa WhatsApp kutoka kwa mtu wa kampuni, hata wa kukupongeza? Una mteja wa jumla anayeuza unga wenu wote wawili, ambaye kampuni imekuwa ikimpelekea mzigo na kuona wako rafuni? Vikusanye. Havitakupa jina, ila vitashusha sana sauti ya upande wa pili kwenye fidia, kwa sababu mtu aliyeona moto tangu zamani akakaa kimya hawezi kudai hasara yote.

Historia ya Angela ni nzuri, na mimi ninakuamini. Ila kwenye alama iliyosajiliwa, nia njema siyo kinga. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala bila kukusudia, kidole chake kimeumia vilevile. Nia njema itakusaidia sehemu nyingine: kwenye kiasi cha fidia, na kwenye uso utakaouonyesha mkikaa kuzungumza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitoe nakala ukiweke kwenye faili.

Kabla sijaenda mbele, kuna jambo moja linaloweza kupindua yote niliyosema. Umeanza kuuza 2019. Wao je? Kama upekuzi wa daftari la alama utaonyesha wamesajili 2022, na hakuna ushahidi kwamba waliuza kabla yako, basi waliokuja nyuma ni wao, na matumizi yako ya kwanza yana uzito. Hapo mazungumzo yatakuwa ya namna nyingine kabisa, pengine wewe ndiye wa kuomba alama yao ifutwe. Kwa hiyo chimba ushahidi wa mwanzo: risiti ya kwanza ya lebo kutoka kwa mchapaji, ripoti ya maabara, malipo ya M-Pesa ya wateja wa kwanza, tangazo lako la kwanza Facebook au Instagram lenye tarehe. Usifute chochote kwenye kurasa zako sasa hivi, hata kama barua imekuambia ufute. Piga picha za skrini kwanza, zenye tarehe.

Kuhusu kufungwa: tulia. Majina ya wafanyabiashara wawili halali yanapogongana, huo kwa kawaida ni mgogoro wa madai, na mwisho wake ni zuio na fidia. Kinachowapeleka watu kwenye jinai ni bidhaa bandia, yaani kuiga kopo la mwenzako na nembo yake ili mteja adhani ni lilelile. Hayo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa, na wakaguzi wake wanaweza kuja kukamata mzigo. Pakiti yako ya khaki iko mbali na hapo. Ila kama una mpango wa kuhamia kopo la plastiki, na rangi unayoifikiria ni ya chungwa, uache leo.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi kuliko jela ni zuio la muda. Kampuni inaweza kufungua shauri, aghalabu Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, na kuomba usimamishe kuuza mpaka kesi iishe. Kesi inaweza kuchukua miaka. Mtu mkubwa atavumilia. Mwenye mashine moja na wasichana wanne hawezi. Wanaokuandikia wanalijua hilo vizuri, na ndilo wanalolitegemea kuliko hiyo milioni 50. Hiyo hela ni bei ya kuanzia. Fidia ya kweli inahitaji hesabu, ya kwao au ya kwako, na kwa ukubwa wa biashara yako sioni inavyofika huko.

Ndiyo maana ushauri wangu, kama upekuzi utathibitisha kwamba wao wametangulia na wamesajili, ni kuachana na jina hilo kwa masharti yako. Najua inauma. Ila nimeona wengi wakitumia kwenye mawakili, na mimi nikiwemo, hela ambayo ingetosha kununua mashine ya pili, wakipigania herufi moja.

Jibu barua ndani ya zile siku 14, na lijibiwe na wakili wako. Usimpigie simu mkurugenzi wao, usimtumie sauti ya WhatsApp ya kuomba msamaha, kwa sababu neno "samahani sikujua" litasomwa siku moja mbele ya jaji kama kukiri. Barua yako iwe fupi: kwanza iombe namba ya usajili na nakala ya cheti, ieleze kwamba umekuwa ukiuza kwa uwazi tangu 2019 na jina lina asili yake, iseme hukubali kwamba umevunja sheria, halafu iseme kwamba, bila kuathiri haki zako, uko tayari kujadili kubadilisha jina. Kwenye meza omba miezi sita ya kumaliza mzigo na vifungashio, wakubali hata mitatu au minne. Gazeti likatae kabisa. Hukumtukana mtu, na tangazo la radhi litakaa kwenye intaneti muda mrefu kuliko unga wako. Fidia omba ifutwe kwa kubadilishana na kuondoka kwako kwenye jina bila kesi. Makampuni mengi hukubali, kwa sababu walichokitaka ni jina, na kesi ni gharama kwao pia. Wengine huuliza kama wanaweza kuandikiana mkataba kila mmoja abaki na jina lake. Huo hufaa pale bidhaa au masoko yanapotofautiana, na kwa unga na unga sioni wakiusaini.

Jina jipya nalo lisikurudishe hapahapa. Achana na lishe, siha, afya, bora na jamaa zao wote. Majina hayo yanapendwa kwa sababu yanamweleza mteja bidhaa, na kwa sababu hiyohiyo ni dhaifu. Msajili huyakataa, na hata akiyapitisha huwezi kumzuia jirani. Majina ya milima na miji vilevile. Kilimanjaro imekaa kwenye bia ya TBL na kwenye maji ya Bonite wa Moshi, na bado utaikuta kwenye mabasi na hoteli. Buni neno lisilo na maana, au chukua neno lisilohusiana kabisa na chakula. Ukishalipata, litafute kwenye daftari la alama, siyo la majina ya biashara peke yake, na usilitafute kwa tahajia moja. Ligeuze: weka r penye l, s penye th, z penye dh, dondosha h, ongeza irabu mwishoni. Mtumie mtoto dukani akaliombe kwa mdomo uone mwenye duka anaandika nini. Ombi liwekwe kabla hujachapisha hata lebo moja, kwa daraja la 30, na la 5 kama utauza kama chakula cha watoto wachanga.

Na kama una wateja Unguja, usajili wa Bara hauvuki maji. Kule msajili ni wakala wao, BPRA, kwa sheria yao ya mali ya viwanda ya 2008. Ukipata oda ya Mombasa au Nairobi ni taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, KIPI, na kule alama hudumu miaka 10 tangu mwanzo. TBS nao wajulishwe, kwa kuwa cheti chao kimeandikwa jina la bidhaa.

Sasa marola yako matatu ya lebo. Usichapishe mengine, na usiwakabidhi hayo mpaka makubaliano yasainiwe. Mkipatana muda wa kumaliza mzigo, yatumie ndani ya muda huo, na uandike idadi ya pakiti zinazotoka kila wiki ili asije mtu kusema ulijaza ghala. Yatakayobaki siku ya mwisho yachomwe mbele ya mtu wao, mpige picha, msaini karatasi. Wakikataa kabisa kukupa muda, bandika stika isiyopitisha mwanga juu ya jina zima; kufunika ile "la" peke yake hakusaidii. Na usiandike kwenye stika hiyo "zamani Lishela" kabla hawajakuruhusu kwa maandishi, kwa sababu kufanya hivyo ni kulitumia jina tena. Liombe hilo kwenye makubaliano, kwa miezi michache tu na kwa herufi ndogo, ili wateja wako wa Kihonda na Mazimbu wajue ni unga uleule.